Kubadili namba za desimali kuwa umbo la kisayansi na kuzirudisha: mwongozo kamili

Jaribu kuandika tungamo ya elektroni kwa kilogramu bila kufupisha. Utaanza na sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 30 mfululizo, ndipo uifikie 9 ya kwanza. Anayesoma atazihesabu kwa ncha ya kalamu, atapotea katikati, ataanza upya. Anayenakili akiruka sifuri moja tu, elektroni yake imekuwa nzito mara kumi kuliko ilivyo, na hakuna chochote kwenye karatasi kitakachomshtua. Umbo la kisayansi linaondoa hatari hiyo: 9.109 × 10⁻³¹. Sifuri zote zile zimebaki kuwa hesabu moja, −31, inayosomeka mara moja.

Wengi wanaosumbuka na mada hii walipewa kanuni ya kukariri kuhusu nukta kwenda kulia au kushoto, wakaikariri, kisha ikawageuka siku ya mtihani. Hapa tutashika jambo moja badala yake: thamani ya namba haibadiliki. Ukiielewa sentensi hiyo vizuri, hutahitaji kukumbuka upande gani ni hasi na upi ni chanya.

Umbo lenyewe likoje

Namba iliyo katika umbo la kisayansi ina sehemu mbili zinazozidishwa. Ya kwanza nitaiita namba ya mbele. Ya pili ni 10 yenye kipeo. Katika 3.844 × 10⁵, namba ya mbele ni 3.844 na kipeo ni 5. Masharti ni mawili. Namba ya mbele iwe 1 au zaidi lakini isifike 10, yaani kushoto kwa nukta kuwe na tarakimu moja tu, na tarakimu hiyo isiwe sifuri. Kipeo nacho kiwe namba kamili: chanya, hasi, au sifuri.

Sharti la kwanza lina sababu yake. Wastani wa umbali kutoka Dunia hadi Mwezi ni kilomita 384,400. Unaweza kuuandika 384.4 × 10³, au 38.44 × 10⁴, au 3.844 × 10⁵, na zote tatu ni sawa kithamani. Kila mtu akichagua anayoipenda, hatuwezi kulinganisha namba mbili kwa kuzitazama tu. Tukikubaliana kwamba tarakimu moja ndiyo itangulie nukta, kila namba inabaki na namna moja tu ya kuandikwa, na kipeo chenyewe kinatueleza ukubwa wake. Namba pekee isiyoingia katika mpango huu ni sifuri, kwa kuwa haina tarakimu ya kuiweka mbele.

Kabla ya kuendelea, hakikisha ngazi hii iko wazi kichwani:

10³ = 1,000
10² = 100
10¹ = 10
10⁰ = 1
10⁻¹ = 0.1
10⁻² = 0.01
10⁻³ = 0.001

Shuka ngazi moja, umegawanya kwa kumi. Panda moja, umezidisha kwa kumi. Ndiyo maana 10⁰ ni 1 wala si 0: ni 10 iliyogawanywa kwa 10. Na ndiyo maana kipeo hasi hakifanyi namba kuwa hasi. 10⁻³ ni sehemu moja ya elfu, kitu kidogo sana lakini bado kiko juu ya sifuri.

Sasa ile sentensi, kwamba thamani ya namba haibadiliki. Namba ya mbele na kipeo ni kama sahani mbili za mizani: moja ikishuka, nyingine lazima ipande. Ukichukua 384,400 ukaifanya 3.844, umeipunguza mara 100,000. Usipolipa deni hilo umeandika namba nyingine kabisa. Unalilipa kwa kuzidisha na 10⁵. Yote yatakayofuata hapa chini ni kulipa deni la aina hiyo.

Kutoka namba kubwa kwenda umbo la kisayansi

Tuchukue umbali ambao wanaastronomia wanautumia kama kipimo, ule wa wastani kati ya Dunia na Jua. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliuweka kuwa mita 149,597,870,700 kamili.

Hatua ya 1: tafuta nukta. Namba nzima haionyeshi nukta, lakini ipo mwishoni, baada ya tarakimu ya mwisho: 149,597,870,700.

Hatua ya 2: isogeze hadi iwe baada ya tarakimu ya kwanza: 1.49597870700.

Hatua ya 3: hesabu nukta imeruka tarakimu ngapi. Zimo tarakimu 12 kwa jumla, moja imebaki kushoto, kwa hiyo imeruka 11.

Hatua ya 4: namba ya mbele imekuwa ndogo, kwa hiyo kipeo kinapanda. Andika 1.495978707 × 10¹¹.

Kwa namba nzima kuna njia ya mkato iliyo salama: hesabu tarakimu zote zilizo kushoto kwa nukta, toa moja. Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Tarakimu ni tisa, kipeo ni 8: 2.99792458 × 10⁸. Siku moja ina sekunde 86,400. Tarakimu tano, kipeo ni 4: 8.64 × 10⁴.

Simama kidogo kwenye huo mfano wa mwisho, maana ndipo penye kosa linalojirudia kuliko yote. Mtu anaona sifuri mbili mwishoni mwa 86,400, anaandika 10². Hesabu ya sifuri inakupa kipeo sahihi pale tu namba inapokuwa 1 ikifuatwa na sifuri tupu, au 3, au 7, yaani tarakimu moja na sifuri. Mara tu zinapoingia tarakimu nyingine, kuhesabu sifuri kunakupotosha. Hesabu nafasi ambazo nukta imeruka, usihesabu sifuri.

Kama nukta inaonekana tayari, usibadili chochote katika utaratibu. Mwaka wa siku 365.25 ni 3.6525 × 10², kwa sababu kuna tarakimu tatu kushoto kwa nukta. Na namba kama 7.5, ambayo tayari iko kati ya 1 na 10, inaandikwa 7.5 × 10⁰. Nukta haijasogea, deni ni sifuri.

Kutoka namba ndogo kwenda umbo la kisayansi

Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa karibu mita 0.00000055. Nukta inatakiwa kufika baada ya 5 ya kwanza. Weka kalamu juu ya nukta na uruke tarakimu moja moja ukihesabu kwa sauti: sifuri, moja, sifuri, mbili, sifuri, tatu, sifuri, nne, sifuri, tano, sifuri, sita, 5, saba. Tarakimu ya mwisho uliyoiruka ni hiyo 5 yenyewe, nayo lazima ihesabiwe. Wanaokosea huishia kwenye sifuri ya mwisho, wakapata sita.

Namba ya mbele sasa ni 5.5. Kutoka 0.00000055 hadi 5.5 tumeikuza mara milioni kumi. Ili thamani ibaki ilivyokuwa, lazima tugawanye kwa milioni kumi, na kugawanya kwa 10⁷ ni kuzidisha kwa 10⁻⁷. Jibu: 5.5 × 10⁻⁷.

Njia ya mkato kwa namba ndogo ni kuhesabu sifuri zote zilizotangulia tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, ukiihesabu na ile iliyo kushoto kwa nukta. Kipenyo cha chembe nyekundu ya damu ni karibu mita 0.0000075. Sifuri moja kabla ya nukta, tano baada yake, jumla sita: 7.5 × 10⁻⁶. Njia hii inafanya kazi mradi umeandika sifuri ya kushoto, aliyeandika .0000075 tu atakosa moja. Kwa hiyo jizoeze kuiandika siku zote.

Sifuri zilizo katikati ya tarakimu zinabaki mahali pake. 0.000402 inakuwa 4.02 × 10⁻⁴, haiwi 4.2 × 10⁻⁴.

Alama ya hasi ya namba yenyewe haina uhusiano wowote na alama ya kipeo. Iweke pembeni, fanya kazi yako, kisha irudishe. −0.0032 ni −3.2 × 10⁻³. Baridi ya nyuzi −273.15 za Selsiasi, ambayo ndiyo sifuri halisi ya joto, ni −2.7315 × 10². Katika mfano huu namba ni hasi na kipeo ni chanya, na hakuna mgongano.

Ukifika hapa jiulize swali moja kabla ya kuandika kipeo chochote: namba niliyoanza nayo, ukiacha alama yake, ni 10 au zaidi, au ni chini ya 1? Ikiwa ni 10 au zaidi, kipeo ni chanya. Ikiwa ni chini ya 1, kipeo ni hasi. Ikiwa iko kati ya 1 na 10, kipeo ni sifuri. Swali hili ni bora kuliko kukariri pande, kwa sababu pande zinageuka unapofanya kazi ya kurudi, lakini ukubwa wa namba haugeuki.

Kurudi kwenye desimali

Dunia ina tungamo ya kilogramu 5.972 × 10²⁴. Kipeo ni chanya, kwa hiyo namba ya kawaida itakuwa kubwa, na nukta lazima isogee upande unaoikuza: kulia, nafasi 24. Nafasi tatu za mwanzo zimeshachukuliwa na 9, 7 na 2. Zinabaki 21, nazo zinajazwa na sifuri:

5,972,000,000,000,000,000,000,000

Kwa hiyo idadi ya sifuri za kuongeza ni kipeo ukitoa idadi ya tarakimu zilizo kulia kwa nukta. Ikitokea tarakimu ni nyingi kuliko kipeo, hakuna cha kuongeza. Nukta inasimama katikati yake. 6.0221 × 10² ni 602.21.

Kwa kipeo hasi mambo yanakwenda upande wa pili. Chukua 3.08 × 10⁻⁴. Andika 3.08, kisha panga sifuri kadhaa mbele yake: 00003.08. Sogeza nukta kushoto nafasi nne: ya kwanza inaruka 3, tatu zinazobaki zinaruka sifuri tatu. Unapata 0.000308. Kati ya nukta na 3 kuna sifuri tatu, pungufu ya kipeo kwa moja, na ndivyo inavyokuwa siku zote. Chaji ya elektroni moja, bila kuangalia alama, ni kulombu (kipimo cha chaji ya umeme) 1.602 × 10⁻¹⁹. Kwa hiyo baada ya nukta kuna sifuri 18 kabla ya 1:

0.000 000 000 000 000 000 160 2

Nimezigawa tatu tatu makusudi. Unapoandika mlolongo mrefu wa sifuri kwa mkono, ugawe hivyo. Makundi sita ya sifuri tatu tatu ni rahisi kuhakiki kuliko sifuri 18 zilizobanana.

Ukimaliza, hakiki kwa kurudi ulikotoka. Badili jibu lako kuwa umbo la kisayansi bila kutazama swali. Ukipata kitu kingine, kuna nafasi moja imepotea njiani, na kwa kawaida ni moja tu.

Namba iliyo nusu njia

Hapa ndipo ujuzi unapopimwa kweli, kwa sababu hesabu nyingi hazikuachii jibu lililo tayari. Zinakuachia kitu kama 45.6 × 10³ au 0.062 × 10⁻⁴, chenye sura ya kisayansi lakini kimevunja sharti la kwanza. Wanafunzi hujaribu kukisia: niongeze kwenye kipeo au nipunguze? Usikisie. Badili namba ya mbele peke yake, kana kwamba ni swali jipya, kisha jumlisha vipeo.

45.6 ni 4.56 × 10¹. Kwa hiyo 45.6 × 10³ ni 4.56 × 10¹ × 10³, yaani 4.56 × 10⁴.

0.062 ni 6.2 × 10⁻². Kwa hiyo 0.062 × 10⁻⁴ ni 6.2 × 10⁻² × 10⁻⁴, yaani 6.2 × 10⁻⁶. Hasi mbili jumlisha hasi nne ni hasi sita.

812 × 10⁻⁹ ni 8.12 × 10² × 10⁻⁹, yaani 8.12 × 10⁻⁷. Mbili jumlisha hasi tisa ni hasi saba.

Kanuni kwamba vipeo vya kumi hujumlishwa namba zinapozidishwa ni ya kale. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa karne ya 3 KK, aliitumia alipokadiria ni chembe ngapi za mchanga zingeweza kuujaza ulimwengu kama ulivyodhaniwa wakati huo. Kigiriki cha zama zake kiliishia kwenye elfu kumi kwa neno moja, hivyo akalazimika kubuni mfumo wake wa kutaja namba, na makadirio yake, tukiyaandika leo, hayazidi 10⁶³. Kile kipeo kidogo kinachoandikwa juu kwa tarakimu kilienezwa na mwanahisabati Mfaransa Descartes mwaka 1637. Inanifurahisha kwamba wazo lilitangulia alama yake kwa miaka karibu elfu mbili.

Sasa tuone kwenye kazi halisi. Mwanga wa Jua unachukua muda gani kutufikia? Gawanya umbali kwa kasi:

(1.496 × 10¹¹) ÷ (2.998 × 10⁸)

Namba za mbele: 1.496 ÷ 2.998 = 0.499. Vipeo: 11 − 8 = 3. Tunapata 0.499 × 10³, namba iliyo nusu njia. 0.499 ni 4.99 × 10⁻¹, kwa hiyo jibu ni 4.99 × 10² sekunde. Irudishe kwenye desimali: sekunde 499, yaani dakika 8 na sekunde 19.

Kulinganisha nako kunakuwa rahisi. Protoni ina tungamo ya kilogramu 1.6726 × 10⁻²⁷, elektroni 9.1094 × 10⁻³¹. Jicho linavutwa na 9 na kudhani elektroni ndiyo nzito. Anza kusoma kwenye kipeo: −27 ni kubwa kuliko −31, basi protoni ndiyo nzito. Mara ngapi? 1.6726 ÷ 9.1094 = 0.1836, na −27 kutoa −31 ni 4. Jibu 0.1836 × 10⁴, ambalo likisawazishwa ni 1.836 × 10³. Mara 1,836.

Kujumlisha na kutoa kunataka uangalifu wa namna nyingine: vipeo lazima vifanane kwanza. Umbali wa Mwezi unaotajwa kwa kawaida unapimwa kutoka kitovu cha Dunia hadi kitovu cha Mwezi, mita 3.844 × 10⁸. Nusu kipenyo cha Dunia ni mita 6.371 × 10⁶. Mtu ambaye Mwezi uko juu kabisa ya kichwa chake yuko umbali gani na kitovu cha Mwezi? Pandisha kipeo cha pili hadi 8: namba ya mbele inapungua mara mia na kuwa 0.06371 × 10⁸. Kisha 3.844 − 0.06371 = 3.78029, yaani takriban mita 3.780 × 10⁸. Hapa tumeivunja kwa hiari sheria ya tarakimu moja, tukairudia mwishoni. Hilo linaruhusiwa kabisa katikati ya hesabu.

Sifuri za mwisho zina uzito wake

Mtu akikuambia alipima mita 4,000, hujui kama alipima kwa makini hadi mita ya mwisho au alikadiria kwa maelfu. Umbo la kisayansi linamlazimisha aseme. 4 × 10³ ina uhakika wa tarakimu moja. 4.00 × 10³ ina uhakika wa tarakimu tatu, hadi makumi. 4.000 × 10³ inasema hadi mita yenyewe. Kwa hiyo unapobadili 0.00250, usiitupe ile sifuri ya mwisho. Aliyeiandika alikuwa na sababu. Ni 2.50 × 10⁻³. Sifuri za mwanzo, kwa upande wake, zilikuwa zinashikilia nafasi tu, na kazi hiyo sasa imechukuliwa na kipeo.

Ukikadiria kwa tarakimu chache, angalia namba zinazoanza na 9. 9.996 × 10⁵ kwa tarakimu tatu inakuwa 10.0 × 10⁵, na 10.0 imevunja sharti. Isawazishe: 1.00 × 10⁶.

Vikokotoo na kompyuta

HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushika mkononi, kilitoka mwaka 1972 kikiwa tayari kinaonyesha vipeo vya kumi. Kioo chembamba hakina nafasi ya kuandika kipeo juu, kwa hiyo vikokotoo na programu nyingi huweka herufi E badala ya "× 10". 1.5E+08 ni 1.5 × 10⁸. 5.5e-7 ni 5.5 × 10⁻⁷. Usiinakili E hiyo kwenye daftari. Ibadili kuwa umbo kamili.

Kuingiza namba kuna mtego mmoja ambao unawanasa hata wazoefu. Kitufe kilichoandikwa EXP, EE au ×10ˣ tayari kina "mara kumi kwa kipeo cha" ndani yake. Kwa 3 × 10⁸ unabonyeza 3, EXP, 8. Ukibonyeza 3, ×, 10, EXP, 8 umeingiza 3 × 10 × 10⁸, yaani 3 × 10⁹. Na kwa 10⁵ tupu unabonyeza 1, EXP, 5. Wanaokwepa kitufe hicho na kutumia alama ya ^ nao wana hatari yao kwenye kugawanya: 6 ÷ 2 × 10^3 kwenye vikokotoo vingi inasomwa kuanzia kushoto na kutoa 3,000, wakati ulikusudia 6 ÷ (2 × 10³), ambayo ni 0.003. Weka mabano, au tumia EXP.

Programu za lahajedwali zinafanya ubadilishaji huu bila kukuuliza. Katika Excel, seli ya kawaida ikipokea namba ya tarakimu 12 au zaidi huionyesha kwa E. Namba ya simu yenye msimbo wa nchi inaweza kukugeukia hivyo, na hapo hakuna kilichoharibika. Tarakimu bado zimo, upana na mpangilio wa seli tu ndio wa kubadili. Hatari iko mbele kidogo: Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba. Kitambulisho cha tarakimu 16 kikiingizwa kama namba, tarakimu ya mwisho inageuka sifuri na hairudi tena. Mwaka 2004 watafiti wa jenetiki walionya kwamba hata vitambulisho vyenye herufi haviko salama. Kitambulisho kama 2310009E13 kinasomwa na programu kama 2310009 × 10¹³. Kisawazishe mwenyewe kwa njia tuliyoitumia juu: 2310009 ni 2.310009 × 10⁶, jumla ya vipeo ni 19, na seli inaonyesha 2.31E+19. Kinga ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote. Ukifanya baadaye umechelewa.

Vipeo vinavyokwenda tatu tatu

Wahandisi hupendelea vipeo vinavyogawanyika kwa 3, kwa sababu vinalingana na majina ya vipimo: kilo ni 10³, mega 10⁶, giga 10⁹, tera 10¹², mili 10⁻³, maikro 10⁻⁶, nano 10⁻⁹, piko 10⁻¹². Namba ya mbele kwao inaruhusiwa kuwa 1 au zaidi mradi isifike 1,000. Mwanga wetu wa kijani kwao ni 550 × 10⁻⁹, nanomita 550. Kuhama kutoka umbo lao kwenda la kisayansi ni kazi ileile ya namba iliyo nusu njia.

Vipeo vina faida nyingine juu ya majina. Uingereza ya zamani ilipoandika bilioni ilimaanisha 10¹², huku Marekani ikimaanisha 10⁹. Serikali ya Uingereza iliachana na hesabu yake ya zamani mwaka 1974, lakini lugha kadhaa za Ulaya bado zinatumia ile ya 10¹². Pia Ujerumani na Ufaransa huandika mkato pale tunapoandika nukta. Ukisoma data ya kigeni, kipeo ndicho kisichokuwa na tafsiri mbili.

Jaribu mwenyewe

Fanya haya kwa kalamu, kisha shuka kwenye majibu.

Badili kuwa umbo la kisayansi: (a) 31,557,600, (b) 0.0000000000529; (c) 730 × 10⁻⁵; (d) 0.0409 × 10⁶.

Badili kuwa desimali: (e) 6.02214076 × 10²³, (f) 1.0 × 10⁻⁷.

Kokotoa: (g) (8 × 10⁻³) × (5 × 10⁹).

Majibu. (a) ni sekunde za mwaka wa siku 365.25: tarakimu nane, hivyo 3.15576 × 10⁷. (b) ina sifuri kumi baada ya nukta na moja kabla yake, hivyo 5.29 × 10⁻¹¹. Hiyo ni nusu kipenyo ya Bohr kwa mita, kipimo cha ukubwa wa atomu ya haidrojeni. (c) 730 ni 7.30 × 10², na 2 jumlisha −5 ni −3: 7.30 × 10⁻³, au 7.3 × 10⁻³ kama sifuri ile haikuwa ya kipimo. (d) 0.0409 ni 4.09 × 10⁻², hivyo 4.09 × 10⁴. Aliyepata 4.09 × 10⁸ alilipa deni upande usio wake: namba ya mbele ilikua, kipeo nacho akakikuza.

(e) ni namba ya Avogadro, yaani idadi ya chembe katika moli moja ya kitu, iliyowekwa kwa thamani kamili mwaka 2019. Tarakimu nane ziko kulia kwa nukta, 23 kutoa 8 ni 15: 602,214,076,000,000,000,000,000. (f) ni kiasi cha ioni za haidrojeni katika maji safi ya nyuzi 25 za Selsiasi, kwa moli kwa lita: 0.00000010, na kipeo hicho −7 ndicho kinachofanya pH (kipimo cha uasidi) ya maji hayo kuwa 7. (g) inatoa 40 × 10⁶. 40 ni 4 × 10¹, kwa hiyo 4 × 10⁷.